Bando la Kukagulia Ng'ombe

Tangu mguu wake uvunjike, Mzee Mihayo kila siku aliamka, akanywa uji, akaketi barazani na simu yake mpaka jua lilipomfikia. Nyumba yake iko juu ya mawe, mtaa wa Pasiansi unaotazama ziwa, mahali ambapo watu hupanda na kushuka kwa ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Mvua za mwisho za masika zilimkuta kwenye ngazi hizo. Alikanyaga utelezi, akaanguka, mfupa wa paja ukavunjika. Daktari alimwambia asiteremke bondeni mpaka mfupa ushike. Basi mtu aliyezoea kutembea akawa mtu wa kiti.

Mke wake, Sabina, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule hapo hapo barazani, kando ya mume wake. Siku nzima alisikia milio miwili: mlio wa cherehani na mlio wa simu ya mzee. Ndugu wote wa Mzee Mihayo walikuwa wamehamia Katavi na mifugo yao. Wapwa walikuwa Kahama, Geita na Dar es Salaam. Kwa hiyo ukoo ulikutana kwenye kundi la watsapu. Huko zililetwa video za harusi, video za kwaya, video za ng'ombe wakinywa maji, na video za watoto waliokuwa wakijifunza kutembea.

Mzee alizipenda zote. Lakini hakupenda kungoja. Hapo awali kila video ilimtaka aiguse kwanza, kisha asubiri kiduara kizunguke mpaka ifunguke. Alimpa fundi wa simu kazi ya kuondoa usumbufu huo. Fundi aliirekebisha simu ili kila video ishuke yenyewe, hata kama hakuiomba. Mzee alifurahi sana. Alisema sasa simu yake ina adabu.

Walikuwa na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Dorcas, muuguzi wa zahanati. Dorcas alikuwa ameposwa na Nestory, fundi umeme, kijana wa kijiji cha Bujora. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka yakafika kwa ng'ombe. Katika ukoo wa Mzee Mihayo, upande wa binti haukubali mahari ya kusikia. Kwanza upande huo huenda zizini kwa mwanamume, ukawatazama ng'ombe mmoja mmoja, ndipo ukatoa neno.

Nani angekwenda? Mzee mwenyewe hakuweza kushuka ngazi. Ndugu zake walikuwa mbali. Sabina alitaja jina la jirani mmoja, mtu mzima mwenye busara. Mzee alikataa.

"Ng'ombe haangaliwi kwa macho ya kuazima," alisema.

Kungoja mguu upone nako hakukuwezekana. Kiangazi kilikuwa kimekolea na nyasi za Bujora zilikuwa zimekwisha. Mzee Chenge, baba yake Nestory, alikuwa amewakusanya ng'ombe hao kutoka kwa ndugu watatu kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Jumamosi wangerudishwa malishoni, mbali, na kuwakusanya tena ingekuwa kazi ya mwakani.

Mshenga ndiye aliyeleta shauri. Mshenga huyu aliitwa Ngosha, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na pande zote mbili zilimwamini. Alisema Mzee Mihayo awakague ng'ombe kwa simu ya video. Yeye Ngosha angesimama zizini na simu ya Nestory, na mzee angetazama akiwa barazani kwake. Mzee Chenge aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema ng'ombe wake sasa watapigwa picha kama maharusi. Lakini alikubali. Siku ikawekwa, Jumatano.

Jumapili Mzee Mihayo alinunua bando. Alifungua menyu ya kampuni yake ya simu, akapitia vifurushi kimoja kimoja, akachagua chenye namba kubwa kuliko vyote. Kilikuwa cha GB kumi kwa siku saba, na bei yake ilikuwa nafuu. Salio lake lote liliingia humo. Chini ya namba ile palikuwa na maneno mengine, madogo. Mzee hakuyasoma.

"GB kumi," alimwambia Sabina. "Hata wakinionyesha ng'ombe wa Usukuma mzima, bando hili haliishi."

Jumatano mzee alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe. Sabina alisimamisha cherehani, akakaa nyuma ya bega lake ili naye aone. Simu iliita. Zizi la Bujora likatokea kwenye kioo, na vumbi lake, na wazee wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu.

Mzee Mihayo hakuwa mtu wa kudanganywa na ng'ombe. Alikuwa amechunga tangu hajaota meno ya utu uzima. Alitaka kila ng'ombe ageuzwe. Alitaka kuona kwato, kisha kiwele, kisha macho. Kwa wengine alitaka wafunguliwe mdomo aone meno, na vijana wa Bujora walihangaika kuwashika huku Ngosha akisogeza simu karibu.

"Mzee mwenzangu," sauti ya Mzee Chenge ilisikika, "na cheti cha kumaliza shule nikutafutie?"

Wazee wakacheka. Mzee Mihayo naye akacheka kidogo. Sabina alihesabu moyoni mwake kwamba mambo yalikuwa yanaelekea kuzuri.

Kisha akaletwa dume mwekundu, mkubwa, mwenye nundu nzuri. Mzee Mihayo aliinama mbele. Akakunja uso, akainua mkono.

"Huyo dume mwekundu," alisema, "hebu..."

Picha ikaganda. Dume akabaki amesimama na mkia juu. Hakuna aliyetikisika, hakuna sauti. Baada ya kitambo kioo kikawa cheusi.

Mzee alibonyeza tena. Simu haikwenda. Alijaribu simu ya kawaida, akaambiwa hana salio. Aliiweka simu kwenye paja, akatazama ziwa kwa mbali.

"Wamekata," alisema.

Sabina alisema labda ni mtandao.

"Mtandao ulikuwa mzuri kwa ng'ombe wote waliotangulia. Umeharibika kwa huyu ninayemuulizia?"

Sabina alimpa simu yake ndogo ya kitochi, apige aulize. Mzee hakuipokea. Alisema aliyekata ndiye hupiga. Wakangoja mpaka jioni. Simu ya mzee haikuita.

Alhamisi asubuhi Ngosha alizipanda ngazi za mawe, akafika akihema. Alimwamkia mzee shikamoo, akapewa kiti na maji. Kwa kawaida Ngosha alianza kuongea kabla ya kukaa. Siku hiyo alikunywa maji yote kwanza.

"Mzee, kwa nini uliwakatia simu?" aliuliza.

Mzee Mihayo alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Mimi? Wao ndio walionikatia. Nimemuulizia dume, wamemficha."

"Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono wangu. Sikuikata."

"Na hii yangu niliishika kwa mkono wangu. Sikuikata."

Ngosha akaeleza yaliyotokea Bujora. Kule nako picha iliganda. Lakini wao walibaki wanautazama uso wa Mzee Mihayo, umekunjamana, mkono umeinuliwa kama anafukuza mbuzi kwenye shamba. Walingoja aseme neno. Hakusema. Halafu akapotea. Mzee mmoja akasema uso ule ni wa mtu aliyekataa. Mzee Chenge aliinuka, akaamuru ng'ombe wafunguliwe. Alisema ng'ombe wake wametukanwa mbele ya wachungaji.

"Mbona hawakupiga kuuliza?" Sabina alisema.

"Shemeji, mtu akikataa mali yako, unamfuata kumuuliza kwa nini?"

Mzee Mihayo alisema mtu anayeficha ng'ombe mchana kweupe hawezi kumtunza binti wa watu. Ngosha hakubishana. Alisimama, akavaa kofia yake.

"Mimi ni mguu tu, nabeba ninachopewa," alisema. "Kesho Ijumaa jioni, nisipopeleka neno kutoka kwako, Jumamosi ng'ombe wanarudi malishoni. Na posa inarudi pamoja nao."

Dorcas alikuwa ndani muda wote huo. Alikuwa akijiandaa kwenda kazini zamu ya mchana. Kwa desturi yao binti haulizi habari za ng'ombe wake, na Dorcas hakuuliza. Lakini Sabina alipoingia alimkuta amesimama na kitana mkononi, nywele hazijachanwa.

"Umeongea na Nestory?" Sabina alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Anapokea simu," Dorcas alijibu. "Anasema mambo ya wazee yako kwa wazee. Mama, na yeye anaogopa."

Kisha akachana nywele, akachukua mkoba, akashuka ngazi. Hakumuaga baba yake kwa maneno. Alipita tu, ameinamisha kichwa.

Sabina alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. Alipanga mambo kichwani kama anavyopanga vipande vya nguo kabla ya kuviunga. Mume wake alisema hakukata. Amekaa naye miaka mingi, na uongo haumo katika makosa yake. Ngosha alisema hakukata, na mshenga mwongo hakai mjini. Kama huyu hakukata na yule hakukata, basi kuna wa tatu aliyekata. Na wa tatu hakuwa mtu.

Mzee aliposinzia, Sabina aliichukua simu ya mume wake, akashuka nayo mpaka dukani kwa Roza.

Roza Okwach alikuwa jirani yao, mwenyeji wa Mara, mama wa binti aitwaye Princess. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kupokea simu za wateja katika kampuni moja ya simu. Sasa alikuwa na duka lake mwenyewe la huduma za simu, chini ya ngazi. Sabina alimweleza kila kitu, tangu ng'ombe wa kwanza mpaka maneno ya Ngosha.

"Mama Dorcas," Roza alisema, "sisi Wajaluo ng'ombe tunawaona kwa macho na kuwapapasa kwa mkono. Ninyi Wasukuma mmeanza kuwaona kwa bando?"

"Mama Princess, nicheke kesho. Leo nisaidie."

Roza akaacha utani. Aliichukua simu, akafungua menyu ya kampuni, akaangalia salio la bando. Akamgeuzia Sabina kioo aone mwenyewe.

"Tazama. Bando lake lina sehemu mbili. Hii ni ya saa zote, GB mbili. Imeisha, hakuna hata kidogo. Hii nyingine ni ya usiku, GB nane. Hii haijaguswa."

"Kwa hiyo GB zipo."

"Zipo, ila zimelala. Zinaamka saa sita usiku. Saa kumi na mbili asubuhi zinalala tena."

Sabina aliutazama ule mstari kwa muda. "Na ng'ombe hawakaguliwi usiku."

"Ndiyo maana zipo zote."

Roza alieleza kwamba kampuni haikumwibia mzee. Iliuza GB kumi, na kumi alipewa. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa ya saa ambazo watu wengi wamelala. Mtu wa zamu ya usiku, au mwanafunzi anayeshusha masomo alfajiri, bando hilo humfaa. Kwa mtu wa mchana ni bando dogo lenye jina kubwa.

"Lakini hata GB mbili," Sabina aliuliza, "ziliishaje? Alinunua Jumapili. Jumatano waliongea hata saa moja haikufika."

"Swali zuri. Simu ya video kwa saa moja inakula kama nusu GB, pengine ikazidi kidogo. GB mbili zingetosha, na chenji ingebaki. Kuna kitu kilianza kula kabla ya ng'ombe."

Alifungua sehemu ya mipangilio, mahali ambapo simu yenyewe huonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Juu kabisa ilikuwa watsapu. Roza akaingia kwenye kundi la ukoo. Video zilijipanga kama gunia zima la mahindi lililomwagwa. Nyingi mzee hakuwa amezitazama. Zilikuwa zimeshuka zenyewe, mchana na jioni, kabla mzee hajazima simu alale, kila moja ikikata kipande chake.

"Nani aliweka hivi?" Roza aliuliza.

"Mwenyewe. Alimwambia fundi."

"Basi tangu Jumapili harusi ya Kahama na kwaya ya Geita zimekuwa zikila bando la ng'ombe. Alipofika kwa huyo dume, chakula kikaisha."

Sabina alisema kama wangeambiwa wangejua. Roza akamwonyesha jumbe za kampuni. Zilikuwa nyingi, hazijafunguliwa. Nyingine zilikuwa za matangazo, nyingine za bahati nasibu, nyingine za nyimbo za miito. Katikati yake palikuwa na ule wa kusema bando linakaribia kuisha, na ule wa kusema limeisha.

"Sisi hizo hatuzisomi," Sabina alisema. "Ni kelele."

"Ni kelele kweli. Kwa hiyo usizitegemee. Kabla ya jambo kubwa, ingia kwenye menyu uangalie salio mwenyewe, kama unavyoangalia mafuta kwenye jiko kabla ya kubandika maharage."

Kisha Roza akamweleza mambo ya kuuliza kabla ya kununua. La kwanza ni saa: bando linafanya kazi saa zote au usiku tu. La pili ni mwisho wake, kwa sababu bando la siku moja huisha siku yake hata kama hukuligusa, na lililobaki mara nyingi hupotea. Tena kuna mabando ya mitandao ya kijamii peke yake. Hayo yanafungua watsapu lakini ukitaka kusoma habari au kutafuta kitu kingine yanakataa, na mengine hayakubali simu za video. Yapo pia yanayoitwa hayana kikomo. Mengi yana kikomo cha mwendo. Ukishatumia kiasi fulani hayakati, lakini yanatambaa, na picha ya video haitembei tena.

"Yote hayo yameandikwa," Roza alisema. "Yameandikwa chini, kwa herufi ndogo. Sio aibu kutoyaona. Mimi nililipwa mshahara kwa ajili ya watu ambao hawakuyaona."

Sabina alizipanda ngazi polepole. Sasa alijua nani alikata simu. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kumwambia mume wake. Mzee Mihayo alikuwa mwepesi wa kusamehe kosa la mtu mwingine na mzito wa kulipokea lake.

Alimkuta ameamka, anatafuta simu.

"Ilikuwa kwa Mama Princess," Sabina alisema. Akaketi mbele yake, sio kando. "Baba Dorcas, nikuulize. Ulipokuwa kijana unanunua ng'ombe mnadani, uliwahi kununua bila kumfungua mdomo?"

"Sijawahi."

"Hata kama ni mkubwa, ana rangi nzuri, na bei ni nafuu?"

"Hapo ndipo unafungua mdomo mara mbili. Ng'ombe mkubwa kwa bei nafuu ana jambo."

"Na hili bando ulilifungua mdomo?"

Mzee aliichukua simu. Sabina akamweleza taratibu, kama alivyoelezwa. Alimwonyesha GB nane za usiku zilizolala. Alimwonyesha video za ukoo. Hakuongeza neno la lawama, wala hakutaja jina la Dorcas. Hakuhitaji kulitaja.

Mzee aliisoma ile mistari midogo, akiisogeza simu mbali kidogo na macho. Aliisoma mara ya pili. Jua lilikuwa limeshaegemea ziwani na upepo umeanza.

"Kwa hiyo Chenge hakuficha kitu," alisema.

"Hakuficha."

"Nimemwita mtu mwongo kwa sababu ya kwaya ya Geita."

Mzee alinyoosha mkono. "Lete kitochi chako."

Alipiga simu ya kawaida. Iliita kwa muda mrefu. Mzee Chenge alipokea kwa sauti kavu, na Sabina aliweza kuisikia kutoka alipokaa.

"Mwadila, mzee mwenzangu," Mzee Mihayo alimwamkia kwa Kisukuma. "Nakupigia kwa kosa langu. Mimi sikukukatia simu, na wewe hukunikatia. Nilinunua bando la usiku nikalituma kazi ya mchana. Likaniangusha mbele ya dume wako. Halafu nikakudhania vibaya."

Kule Bujora sauti za kuku zilisikika.

"Na ule uso?" Mzee Chenge aliuliza mwishowe.

"Uso ule ndio ninaotazamia kila kitu. Muulize mke wangu."

Kikatokea kitu kama kikohozi, na kikohozi kikageuka kicheko. Mzee Chenge alisema yeye naye alikosa. Alimpima mtu kwa picha iliyoganda. Lakini aliweka sharti. Ng'ombe waliotazamwa nusu hawajatazamwa. Kesho waanze upya, kutoka wa kwanza, ili wazee wake wote waone kwamba hakuna aliyemkataa mwenzake.

Ijumaa asubuhi Roza alifunga duka kwa muda, akapanda. Alimsomea mzee vifurushi kutoka kwenye menyu, na safari hii mzee aliuliza kila kimoja maswali mpaka Roza akasema anaona huruma kwa ng'ombe wa Bujora. Wakachagua bando la saa zote. Namba yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza na bei yake ilizidi. Mzee aliguna, lakini alibonyeza mwenyewe. Waliacha pia salio kidogo la kawaida, ili simu ya video ikikatika kwa sababu yoyote, neno la kueleza lisikose njia.

Roza alipotaka kuzima ule utaratibu wa video kushuka zenyewe, mzee alishika simu.

"Ukoo utasema nimewasusa."

"Ukoo hautajua, mzee. Video zitafika kama kawaida. Unayoitaka utaigusa, itashuka. Usiyoitaka itakaa palepale, haitakula kitu."

Mzee akaiachia. Roza akawasha pia kile kitufe cha kupunguza matumizi wakati wa simu ya video. Alisema picha itapungua ung'avu kidogo, lakini kwato zitaonekana. Kisha akashuka dukani kwake, akampigia mzee simu ya video ya majaribio, wakaonana vizuri. Akampa ushauri wa mwisho. Wakati wa salamu na maneno ya wazee, afunge kamera, abaki na sauti, kwa maana sauti inakula kidogo sana. Afungue kamera ng'ombe anapoingia.

Mchana Bujora ikapiga. Walisalimiana kwa sauti, wakaulizana habari za nyumbani, ndipo picha zikafunguliwa. Ng'ombe walipita tena, kutoka wa kwanza. Mzee Mihayo aliwatazama kama hajawahi kuwaona. Sabina alikuwa nyuma ya bega lake, mikono ameikunja. Alipoletwa dume mwekundu, aliinama karibu zaidi na kioo.

Kabla mzee hajasema neno, Mzee Chenge alisogea mbele ya kamera.

"Huyu nianze mimi," alisema. "Mguu wake wa nyuma ulichomwa na kijiti malishoni. Kidonda kimefunga, lakini bado anaukanyaga kwa woga. Juzi nilitaka kukwambia, ukapotea. Ukitaka nitambadilisha."

"Juzi nilitaka kusema hebu mwacheni atembee," Mzee Mihayo alijibu. "Nilihisi jambo mguuni."

Dume akaachwa atembee. Alichechemea kidogo sana, ambavyo mtu asiyechunga asingeona. Wazee wa Bujora walingoja. Mzee Mihayo naye alimtazama dume mpaka alipofika upande wa pili wa zizi na kugeuka.

"Mwacheni alivyo," alisema. "Mtu aliyenionyesha kidonda cha ng'ombe wake hatanificha machozi ya mwanangu."

Ngosha, aliyekuwa ameshika simu, alipiga yowe la furaha na zizi zima likatikisika kwenye kioo. Ng'ombe waliobaki walitazamwa, na neno likatolewa mbele ya wazee wa pande zote. Ngosha aliagizwa aje Jumapili kupanga siku ya harusi. Mzee Mihayo aliangalia salio la bando, akamwonyesha Sabina kwa kidole. Zaidi ya nusu ilikuwa bado ipo.

Kazi iliisha lakini wazee hawakuagana. Walifunga kamera, wakaendelea kwa sauti. Mzee Chenge alitaka kujua mfupa wa paja unatibiwaje. Mzee Mihayo alitaka kujua nyasi za huko malishoni zikoje mwaka huu. Ilikuwa mara ya kwanza wanaongea bila mtu wa kuwabebea maneno.

Dorcas alirudi kutoka kazini wakiwa bado wanaongea. Alisikia kicheko cha baba yake tangu kwenye ngazi, akasimama. Hakupita barazani. Alizunguka nyuma, akamkuta mama yake jikoni anawasha mkaa. Macho yake yaliuliza, mdomo ukanyamaza.

"Wamekubaliwa wote," Sabina alimwambia.

Dorcas alikaa palepale kizingitini na sare yake ya kazi. Alivua viatu, akaviweka kando kimoja baada ya kingine. Alikaa hivyo kitambo, viganja vimefunika uso. Alipoviondoa, macho yalikuwa na maji na mdomo ulikuwa unacheka.

"Mama," alisema, "najua haifai kuuliza. Lakini wakoje?"

Sabina alisikiliza kwanza sauti za barazani. Zilikuwa mbali na mambo ya jikoni. Akavuta kigoda, akaketi karibu na binti yake, akaanza kumsimulia ng'ombe wake, tangu wa kwanza.